Mama Mkwe Anafundisha Hesabu Dirishani

Shirere, Kakamega
Septemba 1966

Mpendwa Senje Kageha,

Nisaidie upesi, wewe shangazi wa wasomaji wote wa gazeti, kabla sijafa kwa kicheko au kwa aibu, maana siku hizi vyote viwili vinanijia pamoja, na hivi ninavyokuandikia niko ofisini, mkubwa wangu ametoka kunywa chai, na kila nikikumbuka mambo ya jana najikuta nacheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili ameniuliza kama malaria imenipanda kichwani.

Jina langu ni Phineas, nina miaka ishirini na sita, ni karani katika ofisi za serikali hapa mjini, sinywi pombe, naimba sauti ya tatu katika kwaya, na wala usinifiche jina ukiichapa barua hii, kwa sababu Kakamega nzima inajua habari zangu na imeshanicheka vya kutosha.

Tangu mwaka jana nina darasa la jioni. Watoto wa darasa la saba wakitoka shuleni hawaendi nyumbani, wanakuja katika jumba dogo la akina mama wa kanisa hapa Shirere, nami nikitoka ofisini saa kumi nakimbia na tai begani kuwafungulia, wanafagia, wanapanga mabenchi, wanagombania nani atafuta ubao, na ubao wenyewe tuliutengeneza kwa mbao za masanduku tukaupaka unga mweusi wa betri za tochi zilizokufa, na hapo tunasoma mpaka inakaribia saa kumi na mbili. Hakuna aliyetutuma. Ni moyo wa Harambee tu, maana tangu Uhuru kila mzazi anataka mtoto wake aingie sekondari, na nafasi ni chache mno, na mtihani ni Novemba, na mtoto akianguka Novemba anapewa jembe na mazungumzo yanaishia hapo. Tulianza na watoto saba, sasa ni ishirini na sita, na Senje, laiti ungewaona! Wanasoma mpaka wanasahau njaa. Kila Alhamisi tunamwalika mtu aje awaeleze kazi yake, alikuja Chepkoech ambaye ni muuguzi, na tangu siku hiyo Ayuma, msichana mdogo wa mwili lakini mkubwa wa mdomo, anafunga bandeji kila kitu chenye mguu, hata benchi letu la mbele lina bandeji.

Mimi ndiye mwalimu mwenye darasa, nafundisha Kiingereza na insha, na Mama Roda ananisaidia kwa hesabu. Huyu Mama Roda ni mjane, fundi wa cherehani anayekaa Amalemba, na nilimpata kwa bahati tu, siku niliyompelekea suruali aipunguze, watoto wangu watatu wakanifuata mpaka pale na swali la tangi la maji lenye mabomba mawili, moja linalijaza kwa saa mbili, la pili linalimwaga lote kwa saa tatu, yote mawili yamefunguliwa, je, tangi litajaa lini, swali ambalo lilikuwa limenitoa jasho siku mbili, naye bila kuinua macho kwenye cherehani akasema, "Saa sita. Lakini ni mjinga gani huyo anajazanga tangi na bomba la chini liko wazi?" Watoto wakapiga makofi. Mimi nilisahau suruali pale pale.

Nitakuambia siri, Senje, mimi hesabu sijui. Ofisini napanga barua, sipangi namba. Kabla ya Mama Roda nilijaribu kufundisha hesabu mwenyewe, nikathibitisha ubaoni kwamba kama wanaume sita wanachimba mtaro kwa siku nane, basi wanaume kumi na wawili wataumaliza kwa siku kumi na sita, na Ayuma akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, hao wengine walikuja kulala?" Lakini huyu mama, aliyesoma mpaka darasa la tano kwa wamisheni akatolewa akaolewa, mumewe alikuwa mwashi na yeye ndiye aliyekuwa akimpimia kila ukuta, huyu mama anazo hesabu mikononi. Anakuja na mfuko wa mabaki ya vitambaa, anapasua kitambaa mbele ya watoto, praa! "Nusu!" Praa! "Robo!" Praa! "Robo imekatwa nusu inaitwa nini?" na watoto wote kwa sauti moja wanajibu, "Thumuni!" mpaka wapita njia wanasimama. Wamempa jina, wanamwita Mwalimu Robo. Watoto waliokuwa wakipata mbili kwa kumi sasa wanapata nane, na mmoja alipata kumi akakataa kurudi nyumbani mpaka tumwandikie barua, kwa kuwa alijua mama yake hatamwamini.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mama Roda ana binti. Anaitwa Navalayo, anafanya kazi ya kuunganisha simu, ana sauti ambayo ukiisikia kwenye simu unasahau ulikuwa unampigia nani, na ana viatu vyeupe ambavyo sijui anavipitishaje kwenye tope la Amalemba bila kuvichafua. Kila jioni baada ya darasa nilikuwa namsindikiza Mama Roda nyumbani nikimbebea mfuko wake wa vitambaa, kwa heshima tu, na Navalayo alikuwa akisimama langoni, naye pia kwa heshima tu, na heshima hizo zikaongezeka siku baada ya siku mpaka mwezi wa saba nikamwuliza, naye akasema ndiyo, kwa sharti kwamba nisimwimbie sauti ya tatu akiwa karibu. Senje, nilirudi Shirere nikiruka madimbwi! Nilimsalimu kila mtu, nikamsalimu na ng'ombe wa watu.

Tukakubaliana tunyamaze mpaka Desemba. Wewe ni wa huku kwetu, unajua. Mtu akishakuwa mkwe, yeye na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Na sisi darasani tuna chumba kimoja, chenye mlango mmoja na dirisha moja, na meza moja tunayoegemea wote. Tukasema watoto wafanye mtihani kwanza, Desemba wazee wataenda, Mama Roda ataanza kunikimbia na mimi nitaanza kumkimbia kwa furaha zote. Mtu mmoja tu nilimwambia, baba yangu mdogo Cleophas, kwa sababu baba yangu amefariki na yeye ndiye atakayenisimamia, nikamwapisha, akaapa.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumamosi, Mama Roda alikuwa sokoni anachagua vitunguu. Baba mdogo Cleophas akamwona kutoka upande wa pili wa soko. Angepita tu! Angemsalimu kama watu wanavyosalimianga! La. Alivua kofia, akairusha juu, akatoa salamu kwa sauti anayoitia ng'ombe, "Mulembe, mkwe wetu! Tengeneza ingokho, kuku ya wakwe, tunakuja!" Soko zima likageuka. Mama mmoja wa ndizi akapiga vigelegele, wa pili akadakia, wa tatu akadakia bila kujua wanashangilia nini, na Mama Roda akajifunika uso kwa leso, akaviacha vitunguu vyake na mfuko wake, akaenda nyumbani mbio. Na neno likishasemwa sokoni mbele ya watu, nani atalirudisha? Baba mdogo akaniambia jioni, "Lilinitoka tu. Nilikuwa na furaha." Nami sikuweza kumkasirikia sana, maana hata mimi nilikuwa na furaha.

Jumatatu nikajua hatakuja. Nikawaambia watoto wafungue vitabu vya Kiingereza. Mara tukasikia sauti dirishani, kwa nje, "Ayuma." Nilipogeuka nikaona mgongo. Mgongo wa Mama Roda na leso juu ya kichwa. "Ayuma," akasema, "mwambie yule mtu aliye ndani apeleke macho yake ukutani, nataka kusahihisha kazi ya Ijumaa."

"Mwalimu," akasema Ayuma, na nilimsikia jinsi anavyouuma ulimi ili asicheke, "unaambiwa uangalie ukuta."

Nikaangalia ukuta. Nikauangalia dakika arobaini na tano, ukuta huo sasa naujua kuliko uso wangu. Mama Roda akafundisha desimali kutoka dirishani, Ayuma akiandika ubaoni kwa niaba yake, na kila alipotaka kitu kwangu kilipitia kwa mtoto. "Mwambieni mtu wa ndani chaki imeisha." "Mwalimu, unaulizwa chaki." "Mwambieni mama chaki iko kwenye mkebe." "Mwalimu Robo, anasema iko kwenye mkebe." "Mwambieni nimesikia, mimi si kiziwi." Watoto wanaona ni sikukuu. Kuna waliokuwa wakikosa darasa siku mbili kwa wiki, sasa hawakosi hata dakika, na wengine wameanza kuja na wadogo zao waone.

Wiki mbili na zaidi tumefundisha hivyo, na mimi naungama kwamba nilifurahi, nilijiona nimepata vyote, Navalayo na darasa. Lakini Senje, unaijua mvua ya Kakamega. Saa kumi ikigonga inakuja, haikosi, ni kama imeajiriwa. Na dirisha liko upande ambao paa halina kibaraza. Mama Roda anasimama pale na mwavuli wa marehemu mumewe, wenye njiti mbili zilizovunjika, maji yanamwingia mabegani, naye anasema, "Hamisha nukta, hamisha nukta, usiiogope nukta." Wiki iliyopita akashikwa na homa, akakosa siku mbili. Siku mbili tu! Niliwapa watoto zoezi la uwiano kutoka kitabuni, na kati ya ishirini na sita hakuna hata mmoja aliyepata zaidi ya tatu, na mimi mwenye kusahihisha sikuwa na hakika hata na hizo tatu. Siku ya tatu akarudi na kikohozi.

Na jana, ooo, jana. Ilinyesha mvua ya mawe. Mwavuli ukageuka nje ndani, ukaruka, tukauona unakwenda kwenye shamba la watu. Watoto wakapiga kelele, "Mwalimu Robo, ingia! Ingia!" Mimi nikamsikia anakuja mlangoni, na mlango ni huo mmoja, na dirishani mvua ya mawe inaingia, nitatokea wapi? Nikaingia chini ya meza. Mimi, karani wa serikali, na tai yangu, na viatu nilivyovipiga rangi asubuhi, chini ya meza, magoti masikioni. Mama Roda akaingia akasimama uso ukutani, amejifunika leso yote, maji yanamchuruzika, akauliza, "Yuko wapi?" na Ayuma akajibu, "Amejificha vizuri, Mwalimu Robo, endelea." Na akaendelea! Alifundisha uwiano wote nilioshindwa, kwa unga wa uji na maji ya uji, vikombe viwili kwa vitano, watoto wanajibu kwa sauti kushinda mvua, na mimi kule chini, Senje, kwa mara ya kwanza maishani nikauelewa uwiano. Kisha vumbi la chaki likaniingia puani. Nikapiga chafya. Na Mama Roda kwa mazoea akasema, "Afya!" halafu akakumbuka ni nani aliyepiga chafya. Halafu nikamsikia anacheka, anacheka na kukohoa, anacheka na kukohoa, watoto wakalala juu ya mabenchi kwa kicheko, nami pia chini ya meza nacheka mpaka machozi yananitoka, na hapo hapo akafungua mlango akatoka, akaenda zake Amalemba kwenye mvua ile, bila mwavuli.

Leo nasikia amelala, kifua kinambana. Zimebaki wiki tisa kabla ya mtihani.

Kwa hiyo nakuuliza, nifanye nini? Baba mdogo anasema nifunge darasa, harusi ndiyo kubwa, watoto watafundishwa shuleni kama watoto wengine. Nilimgusia Navalayo kwamba labda tuuvunje uchumba mpaka Desemba kisha tuuanze upya, akacheka sana, halafu akaacha kucheka, akasema, "Phineas, mimi si kitabu cha maktaba." Nimewaza nimwombe Mama Roda apumzike mpaka mtihani upite, nifundishe hesabu mwenyewe, sasa angalau uwiano naujua. Au nimwambie wazi kwamba sasa tuna Uhuru na bendera yetu, mambo haya ya kukimbiana yamepitwa na wakati, aingie ndani akae kitini kama binadamu. Mimi kutoka siwezi, maana darasa ni langu na ufunguo uko kwangu. Naomba unijibu kwa haraka, na kama utacheka, cheka, mimi nimeshazoea.

Wako wa chini ya meza,
Phineas

*

Phineas, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikamwaga chai juu ya barua ya mama mmoja wa Matete, naye anisamehe, jibu lake litachelewa. Mara ya pili nilipofika kwenye "Afya!" nililazimika kufunga mlango ili watu wa ofisini wasinione. Mara ya tatu sikucheka, nilikasirika, na sasa kaa vizuri nikukasirikie.

Tuanze na haya madogo. Huyo Cleophas mwambie Senje Kageha amemwita kofia tupu. Jumamosi hii aende Amalemba pamoja na shangazi yako mmoja mwenye akili, si peke yake, tafadhali, waingie kwa mlango wa kawaida, waseme habari za posa kama watu wanavyosema, na aombe radhi kwa zile kelele za sokoni. Na avirudishe vile vitunguu. Mama wa watu alikuwa anataka kupika.

Uchumba usiuvunje. Unavunja uchumba uuanze tena Desemba, unafikiri ni taa ya kibatari hiyo? Binti amekujibu vizuri kuliko ambavyo ningekujibu mimi, nami nimempenda kwa jibu hilo moja. Usimgusie tena.

Habari ya Uhuru na bendera, acha kabisa. Bendera ya Mwingereza haikushushwa ili wewe umwambie mama mkwe wako aje akae magoti kwa magoti na wewe. Heshima hiyo ni yake. Anajifunika leso kwa sababu anakupa nafasi ya mkwe, ndiyo kusema amekukubali, kijana, hujaona? Mama asiyemtaka mkwe hajisumbui kumpa mgongo, anamtazama machoni na kumwambia aondoke. Siku wazee watakapokaa na kuilegeza heshima hiyo, itakuwa imelegezwa, na siku hiyo haiko mikononi mwako wala mwangu.

Na kufundisha hesabu mwenyewe! Phineas. Nimewahurumia wale wanaume kumi na wawili wa mtaro mpaka leo. Saa moja chini ya meza haijakufanya mwalimu wa hesabu. Watoto ishirini na sita hawana mtihani wa pili, na ukiwapeleka Novemba na hesabu zako wewe, utakuwa umewakabidhi jembe kwa mkono wako mwenyewe. Baba yako mdogo naye anataka ufunge darasa. Harusi haijawahi kushindwa kufanyika kwa sababu watoto wanasoma.

Sasa lile lililonikasirisha. Umeandika kwamba wewe ndiye mwalimu mwenye darasa na Mama Roda anakusaidia. Anakusaidia! Nimechukua kalamu nyekundu nikapita barua yako yote. Umemwita mjane. Umemwita fundi. Umemwita mama mkwe. Wanaomwita mwalimu ni watoto peke yao, na watoto ndio wanaojua nani anawafundisha. Siku mbili amelala kitandani darasa lako lilianguka lote, wewe ukiwa umesimama mbele yake na tai yako. Jiulize basi ni nani anayemsaidia nani.

Tena unaniambia mambo ya mvua ukicheka, mwavuli, njiti zilizovunjika, maji mabegani. Hukujiuliza kwa nini anarudi? Mama anayemkimbia mkwe tu angebaki Amalemba penye cherehani yake na moto wake, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Huyu alikuja siku baada ya siku, akasimama kwenye matope, akarudi na homa, akarudi na kikohozi. Hakuja kwa ajili yako. Umeniandikia kwa nusu mstari kwamba alikuwa darasa la tano akatolewa akaolewa, kisha ukakimbilia habari za viatu vyeupe. Mimi nilikaa kwenye nusu mstari ule muda mrefu. Msichana mwenye hesabu mikononi alitolewa darasani kwa sababu alikuja mtu kuoa. Amekaa miaka yote hiyo akipima kuta za mumewe na suruali za watu. Mwishowe amepata chumba chenye ubao na watoto wanaomwita mwalimu, na tazama, anatolewa tena, kwa sababu amekuja mtu kuoa. Safari hii mtu huyo ni wewe, na hukuona, kwa kuwa ulikuwa unaangalia ukuta.

Usiniambie hukumtoa. Ni nani aliyebaki ndani?

Mila inasema msikae chumba kimoja. Basi. Nimeishi miaka hamsini na minne katika mila hii, nimeozesha mabinti watatu, na sijasikia mahali popote iliposema kwamba anayetoka nje ni mama. Kwetu mkwe ndiye anayeingia kwenye mahindi. Wewe una miaka ishirini na sita, una mapafu ya kwaya, na una koti. Ati kutoka huwezi kwa sababu una ufunguo! Ufunguo unapewa mtu mwingine, Phineas, ndiyo kazi yake.

Kwa hiyo fanya hivi, na usiongeze chako. Leo hii mwombe Chepkoech akamtazame mama kile kifua, na asiende darasani mpaka Chepkoech aseme ndiyo. Akiwa amelala, watoto wamtumie maswali ya hesabu kwa Navalayo, mama ayajibu kwenye karatasi, Navalayo ayarudishe, nawe uyanakili ubaoni bila kuyaelewa, hiyo unaiweza. Akipona, hesabu iwe ya kwanza kila siku, ndani, mpaka saa kumi na moja, na chumba kiwe chake. Wewe uko nje. Akimaliza, Ayuma apige kelele, kelele anazo, wewe ugeuze uso, mama apite zake, kisha uingie na Kiingereza chako. Mfuko wa vitambaa ubebwe na watoto. Navalayo utamwona Jumapili kanisani kama vijana wengine, na usimwimbie.

Na ile saa moja ya nje usikae bure. Chukua kibao na chaki, simama pale dirishani, mpe mama mgongo, sikiliza. Wewe unahitaji hesabu kuliko Ayuma. Mvua ikija, ikunyeshee. Ya Kakamega haijawahi kuua mkwe.

Siku mama atakayorudi, uombe ruhusa ofisini utoke mapema, ufike kabla ya watoto. Fungua mlango. Panga mabenchi, futa ubao, weka ufunguo juu ya meza, na umwambie Ayuma ni wa nani. Kisha toka nje ukasimame mahali pako. Mwalimu akija, apitie mlangoni.

Senje Kageha